Imekosea Wapi?

Hakimu alivua miwani, akaiweka juu ya jalada, akanitazama kitambo kabla ya kusema. "Wakili, kwa karibu saa nzima umenieleza kwamba mashine hizi zinaweza kukosea. Sibishi. Lakini hii iliyompima mteja wako usiku ule, imekosea wapi?"

Nilipekua makaratasi ambayo nilijua hayana jibu. Nilikuwa na mwaka wa tatu katika uwakili, na ile ndiyo kesi yangu ya kwanza ya dereva aliyekamatwa kwa kipimo cha pumzi. Nilikuwa nimeokota kila lawama iliyowahi kutupiwa vipima ulevi nikazimwaga zote mbele ya mahakama, nikidhani wingi wake utatosha kuzaa shaka. Haukutosha. Alasiri hiyo mteja wangu alitiwa hatiani na leseni yake ikafungiwa. Alikuwa dereva wa kuajiriwa, kwa hiyo pamoja na leseni ilikwenda na kazi.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye, kwenye korido. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, kama mtu anayekumbuka jambo dogo: "Wakili, ile siku pale kituoni kiungulia kilinisumbua sana. Nikiwa nangoja kupuliza nilicheua mara mbili, mpaka nikasikia uchachu mdomoni. Hiyo ina maana yoyote?"

Ilikuwa na maana kuliko yote niliyoyasema mahakamani. Ulikuwa ni wajibu wangu kumuuliza, sikumuuliza.

Tangu siku hiyo swali la hakimu yule limekuwa la kwanza ninalojiuliza kila jalada la aina hii linapofika mezani kwangu. Imekosea wapi? Kama siwezi kuonyesha saa, ukurasa, namba au kitendo, basi sina hoja, nina manung'uniko.

Nilimtafuta mtu wa kunifundisha. Nikampata mkemia mstaafu aliyefanya kazi ya maabara ya uchunguzi kwa miaka mingi. Alijifunza kazi kwa zile mashine za zamani alizobuni Robert Borkenstein wa polisi wa jimbo la Indiana mwaka 1954, ambazo pumzi ilipitishwa kwenye kichupa cha kemikali ya njano, na kadiri kilevi kilivyokuwa kingi ndivyo njano ilivyofifia. Mzee alikuwa na subira ya ajabu. Siku ya kwanza hakunipa kitabu. Aliniambia nisukutue mdomo kwa dawa ya kusafishia kinywa, ile yenye kilevi ndani yake, niteme yote, kisha nipulize kwenye kipimo kidogo cha mkononi. Sikuwa nimeonja pombe kwa wiki kadhaa. Kipimo kilisoma mara kadhaa zaidi ya kikomo cha sheria.

"Sasa kaa," akasema. "Usinywe chochote, usiweke chochote mdomoni."

Nilipuliza tena baada ya dakika tano, na namba ilikuwa imeporomoka. Baada ya kumi ilibaki kidogo sana. Ya kumi na tano ilikuwa sifuri.

"Umeona, binti yangu? Mashine haikudanganya hata mara moja. Kilevi kilikuwepo kweli, ila kilikuwa mdomoni. Wewe mahakamani unatakiwa kujua kilikuwa wapi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini taratibu za nchi nyingi zinataka mtu aangaliwe kwa dakika 15, nyingine 20, kabla ya kupuliza. Nilikuwa nimeisoma kanuni hiyo mara nyingi nikiichukulia kama urasimu wa polisi. Kumbe ndiyo roho ya kipimo chote. Mashine inachukulia kwamba hewa inayoipata imetoka chini kabisa mapafuni, kwenye vile vifuko vidogo ambako damu na hewa vinatenganishwa na utando mwembamba mno, na kilevi kinavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hewa hiyo ndiyo yenye habari za damu. Lakini ili itoke lazima ipite kooni na mdomoni, na kama humo njiani kuna mabaki ya kinywaji, matapishi, au kitu kilichopanda kutoka tumboni dakika tatu zilizopita, hewa inayazoa yote na kuyafikisha kwenye mashine. Yapo mashine ya kisasa yanayofuatilia jinsi kiwango kinavyopanda wakati mtu anapuliza na kukataa sampuli yenye dalili ya kilevi cha mdomoni. Husaidia, lakini hayaigundui kila mara, hasa kwa mtu ambaye tayari ana kilevi kiasi kwenye damu. Ndiyo maana macho ya askari hayana mbadala.

Mzee alinifundisha pia kwamba mashine haipimi damu hata kidogo. Inapima hewa, halafu kuna namba iliyokwisha kuamuliwa ya kugeuza hewa kuwa damu. Marekani wanatumia 2,100, maana yake kilevi kilichomo kwenye mililita 2,100 za pumzi kinahesabiwa kuwa sawa na kilichomo kwenye mililita 1 ya damu. Uingereza na Wales kikomo ni maikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi au miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, na ukigawanya unapata karibu 2,300. Hizo ni namba za wastani. Mwili wa mtu mmoja hauko kwenye wastani kila saa. Anapokuwa bado ananyonya kilevi kutoka tumboni, pumzi yake inaweza kuonyesha zaidi ya damu ya mshipani.

Niliposikia hayo nilitaka kukimbia nayo mahakamani. Mzee akanizuia, na namshukuru mpaka leo. Sheria nyingi sasa hazisemi "kilevi katika damu, kilichokadiriwa kwa pumzi." Zinasema kosa ni kuwa na kiasi fulani katika pumzi yenyewe. Hapo hoja ya uwiano imeshafungiwa mlango, na wakili anayeibisha anajichosha na kumchosha hakimu. Soma kifungu kwanza, jua kinapima nini, ndipo uchague silaha.

Halijoto ilikuwa mlango mwingine, na huu haukufungwa. Hesabu za mashine nyingi zinachukulia kwamba pumzi inatoka ikiwa na nyuzi 34. Kila nyuzi moja ya ziada hupandisha usomaji kwa karibu asilimia 6.5. Nilikuwa na mteja ambaye pumzi yake ilisomwa maikrogramu 38 za kilevi, kikomo kikiwa 35, na asubuhi iliyofuata alilazwa kwa homa kali iliyoandikwa kwenye fomu ya hospitali. Pumzi ikipanda nyuzi 2 tu, kipimo kimeongezeka kwa asilimia 13 hivi, na 38 yake inarudi kwenye 33 na kitu. Nilileta fomu, nikamleta daktari, nikafanya hesabu hiyo mbele ya mahakama polepole kwa kalamu. Angesomwa 70, homa isingemsaidia lolote, nami nisingeigusa.

Kesi iliyonifundisha zaidi ni ile ya koplo.

Mteja wangu alisimamishwa barabarani saa 4:47 usiku kwa kukata kona vibaya. Karatasi ya mashine iliyoko kituoni ilionyesha pumzi ya kwanza ilipulizwa saa 5:04. Fomu ya utaratibu, iliyojazwa kwa mwandiko mzuri wa koplo, ilisema alianza kumwangalia mshtakiwa saa 4:48 na kwamba kwa dakika zote 15 hakula, hakunywa, hakutapika wala kucheua. Kwa haraka haraka hesabu inatimia. Inatimia kabisa, ina hata dakika ya akiba. Niliisoma jioni mbili bila kuona kitu.

Jioni ya tatu nilichora ramani. Sikuwa na wazo lolote maalumu, nilitaka tu kuona kila mtu alikuwa wapi kila dakika. Mahali aliposimamishwa, kituo, na barabara inayounganisha. Kilomita 11. Nikaandika dakika kando ya mstari, na ghafla nikaona: zile dakika 15 zilikuwa safari.

Nilipomsimamisha koplo kwa maswali nilikuwa nimejifunga ahadi ya kuuliza mafupi tu.

"Afande, ulianza kumwangalia saa ngapi?"

"Saa nne na dakika arobaini na nane."

"Wakati huo alikuwa wapi?"

"Kwenye gari la polisi. Kiti cha nyuma."

"Mlikuwa wangapi garini?"

"Wawili. Mimi na yeye."

"Nani aliendesha?"

"Mimi."

"Mpaka kituoni ni umbali gani?"

"Kama kilomita kumi na moja."

"Taa za barabarani zipo?"

"Sehemu zipo, sehemu hazipo."

"Unapoendesha usiku, sehemu isiyo na taa, macho yako yanakuwa wapi?"

Alinyamaza kidogo. Alikuwa kijana mkweli, na nililiona hilo usoni mwake. "Mbele," akasema. "Barabarani."

Nilikaa. Swali lililofuata lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, kwamba kwa hiyo hukumwangalia, sivyo? Nikalimeza. Ningemuuliza, angepata nafasi ya kusema kwamba alimtazama kwenye kioo, au kwamba angemsikia akicheua. Jibu la "barabarani" lilikuwa limekamilika lenyewe, na kazi ya kulifafanua ilikuwa yangu kwenye majumuisho, wakati shahidi ameshashuka kizimbani. Nimeona mawakili wazuri wakiivunja kesi yao kwa swali moja la ushindi.

Kulikuwa na kitu kingine kwenye karatasi ile. Pumzi ya kwanza ilisoma 58, ya pili, dakika chache baadaye, 44. Sheria ilichukua ile ya chini, na 44 bado ilivuka kikomo, kwa hiyo upande wa mashtaka haukujali tofauti. Lakini damu ya mtu haiporomoki hivyo kwa dakika chache. Mwili huondoa miligramu 15 hivi kwa mililita 100 za damu kwa saa nzima, wengine 10, wengine hadi 25. Kinachoporomoka kwa dakika ni kilevi cha mdomoni, vilevile nilivyokiona siku ile kwa Mzee. Na kama ilikuwa bado inaporomoka kati ya pumzi ya kwanza na ya pili, nani anajua ingeishia wapi kama wangempuliza mara ya tatu? Mteja alikuwa na cheti cha kutibiwa maradhi ya tindikali kupanda kooni, cha mwaka mmoja kabla ya tukio. Cha kabla ndicho chenye uzito, kile cha baada ya kukamatwa huonekana kimetafutwa.

Hakimu alikataa kuutegemea usomaji. Shtaka la kuzidi kikomo lilianguka. Lile la kuendesha bila uangalifu lilibaki, akalipa faini, na ilikuwa haki alipe, kwa sababu kona ile aliikata vibaya kweli.

Sitaki mtu adhani nilijifunza kwa kushinda tu. Miaka michache baadaye nilimtetea mtu mwenye kisukari, na nilikuwa nimesoma kwamba miili yao huweza kutoa kemikali iitwayo asetoni kwenye pumzi na mashine ikaihesabu kama pombe. Nilijenga utetezi mzima juu ya hapo. Mtaalamu wa upande wa mashtaka alipanda kizimbani akauliza kwa upole kama wakili msomi anajua mashine iliyotumika ni ya aina gani. Sikujua. Ilikuwa ya seli ya kikemikali, inayozalisha umeme kilevi kinapounguzwa juu ya metali, na seli hizo haziitikii asetoni. Tatizo nililolisoma lilihusu mashine za zamani za miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, zilizotazama wimbi moja tu la mwanga huo. Hata hizo za infraredi sasa nyingi hutazama mawimbi kadhaa na kutoa onyo zikikuta kitu kigeni. Nilikuwa nimembebesha mteja wangu hoja isiyohusu mashine iliyompima, na siku ile nzima mahakama haikuniamini tena hata pale nilipokuwa na haki. Sasa kabla ya lolote naandika juu ya jalada: mtengenezaji, modeli, namba ya mashine, toleo la programu yake. Halafu natafuta mwongozo wake.

Na makaratasi. Laiti ningeweza kumshika kila wakili kijana mkono nikampeleka kwenye daftari la matengenezo kabla hajagusa kitu kingine. Kila mashine ina historia. Huhakikiwa kwa kupitishiwa mvuke au gesi yenye kiasi cha kilevi kinachojulikana, na kama ni maji ya kilevi, lazima yapashwe yafike nyuzi 34 barabara, kwa sababu ileile ya halijoto niliyokwisha kuisema. Omba daftari mapema, kwa maandishi, na usiombe ukurasa wa siku ya tukio peke yake. Omba miezi kabla na miezi baada. Mashine iliyopelekwa kutengenezwa wiki mbili baada ya kumpima mteja wako ina jambo la kukueleza. Mara moja nilikuta cheti cha uhakiki kizuri kabisa, kina mhuri, kina sahihi, tarehe ni sahihi, ila tarakimu ya mwisho ya namba ya mashine ilikuwa 6 na ya mashine yetu ilikuwa 9. Kilikuwa cheti cha mashine nyingine. Kesi hiyo haikufika hata kwenye mashahidi.

Wanaodhani huku ni kushikilia vijimambo wasome kilichotokea New Jersey, Marekani. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikataa vipimo 20,667 vya pumzi kwa sababu ya kipimajoto. Hatua moja ya uhakiki ilitaka halijoto ya maji ithibitishwe kwa kipimajoto ambacho usahihi wake unafuatilika hadi kwenye vipimo vya taifa, na hatua hiyo ilirukwa. Watu zaidi ya elfu ishirini! Nyuma ya kila moja ya namba hizo kulikuwa na mtu aliyeambiwa kwamba mashine imesema.

Mahakama hiyohiyo, mwaka 2008, ilikuwa imechunguza mashine hizo kwa kina, pamoja na programu iliyo ndani yake, na kuzikubali kwa masharti. Sharti moja lilinigusa binafsi. Mashine ilidai mtu apulize angalau lita 1.5, na mahakama ikakubali kwamba wanawake wenye zaidi ya miaka 60 wengi hawafiki huko, ikashusha kwao hadi lita 1.2. Nililisoma hilo nikiwa namtetea mama mmoja mtu mzima aliyeshtakiwa kwa kukataa kupuliza. Hakukataa. Alipuliza mara nne, kila mara mashine ikisema hewa haitoshi, na askari akaandika "amekataa." Alikuwa na pumu. Uamuzi wa jimbo la mbali haukuifunga mahakama yetu, lakini ulinipa neno la kumuuliza daktari wake: mapafu ya mama huyu yanatoa lita ngapi? Jibu lake lilimaliza kesi.

Kuna hoja ninayoishika kwa tahadhari kubwa, nayo ni ya muda. Mtu anagonga saa mbili usiku, anapimwa saa nne na nusu. Upande wa mashtaka unarudi nyuma kwa hesabu za Msweden Erik Widmark, zilizochapishwa mwaka 1932, na kusema kama sasa ana kiasi hiki basi wakati ule alikuwa na zaidi. Hesabu hiyo inasimama tu kama kilevi chote kilishanyonywa kabla ya ajali. Kama alikunywa glasi ya mwisho dakika kumi kabla ya kushika usukani, damu yake ilikuwa bado inapanda, na huenda alipogonga alikuwa chini ya kikomo. Ni hoja ya kweli kisayansi. Lakini ili kuitoa lazima mteja apande kizimbani na kueleza alikunywa nini, lini, na kwa kasi gani, na akishafungua mlango huo mwendesha mashtaka ataingia na viatu. Nimeitumia mara mbili tu katika miaka yote hii, mara zote kukiwa na risiti zenye saa.

Kuna jioni moja ambayo imekaa nami. Nilikuwa nimetoka kushinda kesi, na kwenye ngazi za mahakama mama mmoja akanisimamisha. Hakuhusika na kesi ile. Alikuwa amekuja kufuatilia yake: kijana wake wa miaka 19 aligongwa na dereva mlevi akafa palepale. Alikaa nyuma akasikiliza hukumu yetu yote. Akaniuliza, bila ukali, "Mwanangu, wewe usiku unalala?"

Nilimwambia ninalala, na nilimwambia ukweli mwingine pia. Kwamba wengi wanaokuja kwangu nawaambia wakiri kosa. Nikisoma jalada nikakuta dakika 20 za kuangaliwa na askari aliyekaa mbele ya mtu, pumzi mbili zinazokaribiana, cheti cha mashine yenyewe, daftari safi, usomaji ulio mara mbili ya kikomo, namweleza mteja kwamba mashine haijakosea, na kazi iliyobaki ni kuomba nafuu ya adhabu na kutafuta msaada wa kuacha pombe. Wengine huchukua jalada wakaenda kwa wakili mwingine. Na nilimwambia kwamba aliyemuua kijana wake anaweza kuponyoka kwa kosa lilelile la uzembe ninaloliwinda mimi: ukurasa uliorukwa, dakika zilizoandikwa bila kuangaliwa. Ninapoliibua kwenye kesi ndogo ya kona iliyokatwa vibaya, natumaini halitajirudia kwenye kesi kama yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya," akashuka ngazi. Sijui kama niliridhisha moyo wake. Mimi mwenyewe nilikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuwasha injini.

Koplo yule nilikutana naye tena baada ya miaka mitatu, akiwa sajenti sasa. Kesi nyingine, mteja mwingine, yeye tena ndiye aliyepima. Nilipofungua jalada nilikuta nakala ya daftari lake dogo imeambatishwa, jambo ambalo fomu haikulazimisha. Alikuwa ameandika saa waliyofika kituoni. Kwamba alimketisha mshtakiwa kwenye kiti, yeye akakaa mbele yake, kama hatua moja na nusu. Kwamba alimkagua mdomo kwa tochi. Dakika ya tisa mshtakiwa alikohoa na kubeua, na yeye akafuta hesabu akaanza upya kutoka mwanzo, saa imeandikwa. Kwamba alilinganisha saa yake na saa ya mashine na kukuta tofauti ya dakika 2, ameiandika nayo. Pumzi mbili: 61 na 60. Nilikwenda kwenye daftari la mashine, nikaenda kwenye cheti, nikahesabu tarakimu moja moja kwa kidole.

Nilimwambia mteja nilichokiona. Hakufurahi, akataka kesi iendelee, na ilikuwa haki yake iendelee. Sajenti alipanda kizimbani, akaapa, akaongozwa na mwendesha mashtaka hatua kwa hatua. Alipomaliza alinigeukia, na nikaona amekumbuka. Alikuwa amesimama wima, daftari mkononi, akingoja.

"Wakili," hakimu akasema, "shahidi ni wako."

Nilisimama. "Sina swali kwa shahidi huyu, Mheshimiwa."